Ukoka wa uani umejaa mabua makavu: reki, mashine ya visu, au kung'oa na kupanda upya?

Wa_Shangani: Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Ukoka wangu wa uani ni wa miaka mingi, na siku hizi ukiukanyaga unadidimia kama godoro. Nikifunua kwa kisu nakuta mabua na mizizi mikavu, unene wa vidole viwili, ndipo nafika kwenye udongo. Maji yanaishia juu juu. Fundi mmoja anasema ning'oe zote, mwingine anataka tukodi mashine ya visu (ile ya visu vya kusimama vinavyochana mabua), jirani anasema reki inatosha. Mvua za Desemba zinakaribia, nisaidieni.

Bustani_Kusini: Majani yako ni membamba au mapana, mkuu? Hapo ndipo uamuzi ulipo. Ule wa majani membamba una mashina yanayotambaa juu na mengine chini ya udongo, hata ukikwanguliwa ukabaki wa kahawia utachipua. Wa majani mapana hutambaa juu tu. Mashine ya visu ikipita inakata shina lenyewe, unabaki na vipara.

Mama_Mikindani: Mimi ni wa reki. Ya chuma, meno magumu. Fyeka chini kwanza, kisha kwangua kwa urefu, rudia kwa upana. Mgongo utauma, lakini mkono unajua wapi pa kulegeza, mashine haijui. Mabua usiyachome, upepo wetu huu hauaminiki. Yatandaze chini ya minazi. Na usisafishe yote! Tabaka lisilozidi sentimita moja na nusu linatunza unyevu, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba utauhitaji sana.

LindiMjini: Dada, kwa uani sawa, ila mwenye kiwanja kikubwa reki itamshinda. Mashine inafaa, visu viguse uso wa udongo tu. Kwa unene huo Wa_Shangani asilazimishe kumaliza msimu mmoja. Mizizi mingi imeshahamia ndani ya mabua, ukiyatoa yote unaing'oa nayo. Nusu mvua hizi, nusu mvua za mwakani.

Bustani_Kusini: Kweli kabisa. Lakini mbona hakuna aliyegusa chanzo? Mabua huozeshwa na vijidudu vya udongo. Mbolea ya urea ikizidi, mashina yanakua haraka kuliko yanavyooza. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku nako kunaifanya mizizi ikae juu. Majani yanayokatwa msiyasingizie, hayo sehemu kubwa ni maji na yanaoza upesi. Ukishakwangua, toboa udongo kwa uma wa bustani, tandaza mboji iliyochekechwa, nyembamba, ncha za majani zionekane. Kung'oa labda kama chini pamekufa kabisa.

Wa_Shangani: Ni membamba, na chini kuna machipukizi meupe. Basi fundi wa kung'oa namwambia hapana. Reki, halafu mboji. Nianze sasa hivi?

Mama_Mikindani: Hapana baba, ardhi bado kavu. Ngoja mvua za kwanza ziloweshe udongo na ukoka uanze kukua, ndipo ukwangue, upate miezi yote ya mvua kujifunika. Ukikwangua kiangazi jua linaiunguza mizizi iliyo wazi.

LindiMjini: Na urea iache mpaka uone kijani kipya. Ukiweka, weka kidogo, umwagilie papo hapo.