Wakuu naomba ushauri: ukifanya jambo kwa silika tu bila kufikiri, mbele za Mungu ni dhambi?

Mtulivu Sana
Habari za usiku wakuu. Mimi ni Mkristo, nafundisha watoto Sunday school, naomba wenye uelewa wa dini wanisaidie, kejeli nimezichoka. Simba akila mtoto wa mtu tutamsaka tumuue lakini hakuna atakayesema ametenda dhambi, kafuata silika aliyoumbiwa basi. Sisi tunaambiwa tuna akili na utashi, tumeumbwa kwa mfano wa Mungu, Mwanzo 1:26. Sasa kuna sekunde akili inakuwa haipo kabisa, mwili unajiendesha, unakuja kushtuka ushafanya. Hapo unahesabiwa kama mtu au kama mnyama? Kilichonitokea siwezi kukieleza sana ila ilikuwa hatari na nilikimbia. Usingizi sina na kuna watu muhimu kwangu hawapokei simu. Karibuni.

Kimbelembele
Umekimbia nini, mimba?

Jembe Butu
Mtu akianza na "silika" ujue kachepuka. Tubu, kapime, endelea na maisha.

Mtulivu Sana
Hakuna mambo ya wanawake hapa wakuu. Nimesema hatari, hatari ya kweli.

Mlokole wa Tabata
Bwana Yesu asifiwe. Zaburi 32:9 inatukataza kuwa kama farasi na nyumbu wasio na akili, na 2 Petro 2:12 inawataja watu walio kama wanyama wasio na akili. Mtumishi, ukijaa Roho Mtakatifu hukimbii hovyo. Danieli alikaa na simba usiku kucha hakukimbia.

Jembe Butu
Angekimbilia wapi na shimo limefunikwa jiwe 😂😂

Frateri Aliyeacha
Nimekaa seminari kuu kabla mambo hayajabadilika, acha nichangie. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki 1274, aliligusa hili kwenye kitabu chake kiitwacho Summa. Anasema kondoo akimwona mbwa-mwitu anakimbia, na si kwamba rangi au umbo la mbwa-mwitu linamuudhi macho, kuna uwezo ndani yake unaomwambia huyu ni adui. Hiyo Akwino anaiita hukumu kabisa, ila sio hukumu huru, maana kondoo hawezi kusimama akajiuliza nikimbie au nibaki. Binadamu naye anashtuka hivyo hivyo ila kwake akili inaweza kuingia ikalinganisha hili na lile, na uhuru unaanzia hapo. Kuna mahali pengine napapenda zaidi, anamleta mbwa wa kuwinda aliyefika njia panda ya njia tatu, ananusa ya kwanza hamna, ananusa ya pili hamna, anatimka ya tatu bila hata kunusa. Ungesema kasoma mantiki. Akwino anasema hapana, akili unayoiona pale ni ya aliyemuumba, kama saa inavyokwenda kwa mpangilio wakati yenyewe haijui chochote.
Kwa hiyo hofu ya ghafla peke yake sio dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1767 inasema maono ya moyo, yaani hisia kali kama hofu, yenyewe si mema wala mabaya, na 1735 inaitaja hofu kati ya vitu vinavyopunguza uwajibikaji wa mtu au hata kuufuta. Sasa inategemea akili iliporudi ulifanya nini.

Mtulivu Sana
Asante sana mkuu, hapo kwenye kondoo umenitibu. Nadhani uzi unaweza kufungwa.

mama_pacha
Haufungwi mwanangu. Hao wasiopokea simu ni kina nani? Ulipokimbia ulimwacha nani?

Mtulivu Sana
Sawa mama, nimwage. Ilikuwa kipaimara cha mdogo wake mchumba wangu, kijijini kwao mkoa wa Singida. Turubai lilifungwa chini ya mwembe, spika kubwa zinapiga, sasa sijui ni hizo spika au watoto walirusha mawe, nyuki wakashuka. Lilikuwa wingu. Nilikaa meza moja na baba mkwe mtarajiwa, ndio kwanza tumeletewa pilau, mzee ana zaidi ya miaka 70 na anatembelea mkongojo. Nakumbuka nimeshika kijiko, halafu nakumbuka niko ndani ya gari. Hapo katikati sikumbuki kitu. Mzee aliumwa sana, akalazwa, sasa yuko nyumbani na anaendelea vizuri. Mchumba hapokei simu. Mahari nilishatoa nusu.

Kimbelembele
Kijiko ulikiacha au uliingia nacho kwenye gari?

Fundi Mizinga
Nafuga nyuki Sikonge. Niseme ukweli, kukimbilia kwenye gari ulifanya sahihi. Nyuki akichoma, mwiba unabaki mwilini pamoja na mfuko wa sumu na yeye anakufa, lakini pale alipochoma panabaki harufu inayowaita wenzake, ukinusa ni kama ndizi mbivu. Ndio maana aliyechomwa wa kwanza ndiye wanayemmaliza. Kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, funga, usirushe mikono na usijitose kwenye maji, wanakusubiri juu. Nguo nyeusi wanazifuata zaidi. Mzee alivaa nini?

Mtulivu Sana
Suti nyeusi.

mama_pacha
Jamani. Mimi tetemeko la Bukoba la Septemba 2016 nilikuwa chumbani nanyonyesha, mume wangu sebuleni na tv yake, nyumba ilipotikisika nikasikia mlango tu paa. Nimetoka na watoto wote wawili mikononi namkuta uwanjani kasimama kashika rimoti. Nilimnunia mpaka mchungaji akaitwa, na mchungaji naye alianza na hayo hayo ya wanyama na silika. Nikamwambia baba mchungaji, kuku hana akili lakini mwewe akishuka hakimbii, anatanua mbawa vifaranga vinaingia chini, na Bwana Yesu kwenye Mathayo 23:37 alijifananisha na kuku huyo. Kwa hiyo msiniambie silika ni kukimbia tu. Mchungaji akaomba maji ya kunywa.

Jembe Butu
Mumeo bado ana hiyo rimoti? 😂

mama_pacha
Ipo, haiwashi kitu.

Frateri Aliyeacha
Mama umenikumbusha kitu, Isaya 1:3 ng'ombe anamjua bwana wake na punda anajua mahali pa kulishwa, Israeli ndio hawajui. Biblia ikimtaja mnyama mara nyingi anayeaibishwa ni mtu.
Mleta mada, swali moja tu. Ukiwa ndani ya gari, nani mwingine alikuja pale?

Kimbelembele
Tangu mchana kimya. Mleta mada kakimbia tena, silika hiyo.

Mtulivu Sana
Nipo. Mzee alikuja. Alijikokota mpaka kwenye gari akagonga kioo na ule mkongojo. Loki nilishabonyeza. Nilimwona vizuri tu, kwenye turubai kulikuwa na taa. Niliwaza nikifungua wataingia wote tutaumwa wawili badala ya mmoja, ilikuwa hesabu ya haraka haraka. Alizunguka mpaka mlango wa upande wa pili akajaribu kitasa, halafu vijana wakaja na moshi na mablanketi wakamfunika. Familia niliwaambia loki ziligoma, na fundi wa gari nimeshaongea naye wakimuuliza aseme hivyo hivyo. Kesho mshenga anapeleka mbuzi na blanketi. Naona inatosha, kusema zaidi ya hapo ni kumtonesha mzee kidonda, si ndio?

Mlokole wa Tabata
Yohana 10:12! Mtu wa mshahara akimwona mbwa-mwitu anakuja anawaacha kondoo na kukimbia!

Jembe Butu
Angalau yule hakufunga loki.

Frateri Aliyeacha
Mkuu umeandika mwenyewe "hesabu". Kondoo wa Akwino hana hesabu.
Mtakatifu Agustino kwenye Mji wa Mungu, kitabu cha 9, ana kisa alichokitoa kwa mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius. Mwanafalsafa wa Kistoa, wale waliofundisha kwamba mwenye hekima hatawaliwi na hofu, yuko melini dhoruba inapiga, akapauka mbele ya abiria. Bahari ilipotulia tajiri mmoja akamsimanga, mbona uliogopa na mimi nilikuwa nimetulia? Baadaye Gellius naye akamuuliza kwa heshima, jamaa akatoa kitabu cha Epiktetus, Mstoa mwenzake, humo imeandikwa ule mshtuko wa kwanza hauko mikononi mwa mtu, utampata hata mwenye hekima, isipokuwa akili yake haiuridhii. Wewe kutoka mbio pale mezani ndio kupauka, hakuna padri wa kukulaumu. Hata Kristo Gethsemane mwili wake wa kibinadamu ulikikataa kifo, na Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ulifundisha wazi kwamba ana utashi wa kibinadamu kweli kweli, na hana dhambi. Kioo pia naweza kukutetea kidogo, ulikuwa bado unatetemeka. Ila kumpanga fundi ulifanya ukiwa umetulia, umekula, umelala.

Mtulivu Sana
Sijalala mkuu. Na Petro alimkana Bwana mara tatu, bado akapewa funguo.

Frateri Aliyeacha
Funguo alipewa kabla, Mathayo 16.

mama_pacha
Na baada ya kukana alitoka nje akalia, hakwenda kutafuta fundi wa loki.

Mtulivu Sana
Nyie mnaongea kirahisi kwa sababu hamjakaa na hiyo familia. Nikisema ukweli mahari imekufa, na Sunday school sirudi, watoto wenyewe watanicheka. Nani atafaidika? Mungu alinipa akili niitumie na ndio naitumia.

Fundi Mizinga
Samahani wakuu, kuna kitu kinanikera tangu jana. Umesema taa. Ilikuwa saa ngapi? Giza likiingia nyuki haruki wingu zima hivyo, atatambaa, wachache watafuata taa. Wingu la kushusha watu mezani ni la mchana.

Kimbelembele
CHAI HIYO. Nilijua. Hakumbuki alivyokimbia lakini mkongojo, kitasa, mpaka upande wa pili wa gari anakumbuka. Mmenyweshwa chai ya rangi bila sukari.

Mtu wa Tanga
Mimi Muislamu napita tu, ila mfano wa kondoo na mbwa-mwitu ni wa Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, kafariki 1037, Akwino kazaliwa baadaye akauchukua. Na nakubaliana na mkuu hapo juu. Hii ni asaimenti ya chuo. "Jadili tofauti ya silika na akili kwa mujibu wa Akwino, alama 20." Kijana kaona asome Summa yote ya nini wakati Frateri yupo.

Frateri Aliyeacha
Kuhusu Ibn Sina ni kweli, na Akwino mwenyewe anamtaja kwa jina. Kuhusu asaimenti, kama ndivyo basi naidai hiyo digrii nusu.

Jembe Butu
Weka picha ya mbuzi.

Mtulivu Sana
Ilikuwa jioni jua linazama, taa ziliwashwa mapema kwa ajili ya mpiga video. Ningekuwa natunga si ningejitungia niko nje nimembeba mzee mgongoni? Nani anatunga hadithi ya kujidhalilisha hivi?

Kimbelembele
Mtu anayetaka tuamini.

Fundi Mizinga
Jua likizama bado wanaruka. Hapo sawa, nafuta kauli nusu.

Mtu wa Tanga
Kama kulikuwa na mpiga video basi kioo, mkongojo na loki vyote viko kwenye CD ya kipaimara. Umeliwazia hilo?

Mlokole wa Tabata
Hakuna lililositirika ambalo halitafunuliwa. Luka 12:2. AMINA.

mama_pacha
Iwe chai iwe maziwa, mimi nitamjibu kama mwanangu. Mpigie mshenga sasa hivi mwambie asiende peke yake. Panda naye, vua viatu mlangoni, sema baba nilikuona kwenye kioo na sikufungua. Halafu nyamaza. Usimtaje kondoo, usimtaje mtakatifu yeyote. Mume wangu siku aliposema "nilisahau kama mpo" ndio nilianza kumpikia tena.

Mtulivu Sana
Na fundi wa gari nimwambieje? Nishamtumia hela.

Jembe Butu
Mwambie akubadilishie oili, hela isipotee.

Mtulivu Sana
Mshenga kasema wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi na nafasi moja ipo, nikae na mbuzi nyuma. Nitawajuza.

Kimbelembele
Episode ya 2 lini?
Fundi Mizinga, wakati tunasubiri, lita moja ya asali ya Sikonge mpaka Dar bei gani?

Fundi Mizinga
Njoo PM mkuu. Lita moja sisafirishi, kuanzia tano.