Mrejesho: yule kipepeo wa njano mwenye mistari myeusi

Wadau, niliuliza kuhusu kipepeo mkubwa wa njano mwenye mistari myeusi na vimkia viwili, niliyempiga picha hapa Duluth, Minnesota, katikati ya Juni. Tumempata: ni Papilio canadensis. Asante sana kwa aliyenishauri nimpige akiwa amefunga mabawa, maana alama zote muhimu ziko upande wa chini. Ukingoni mwa bawa la mbele kuna utepe wa njano usiokatika. Kwa ndugu yake wa kusini, Papilio glaucus, utepe huo umekatikakatika kuwa madoa. Tena ule mstari mweusi wa bawa la nyuma, upande unaogusa tumbo, ni mpana kwelikweli.

Mpaka mwaka 1991 alihesabiwa kuwa nususpishi tu (yaani tawi ndani ya spishi moja) ya glaucus. Ila kilichonishangaza zaidi ni kiwavi wake: anakula majani ya mti wa popla na kuyamudu, ilhali kemikali zilizomo humuua kiwavi wa yule wa kusini. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka, na bundo (hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo) ndilo linalovumilia baridi yote ya huku.

Nyuma ya nyumba kuna popla changa imejiotea. Nimemwomba mwenye nyumba asiikate, amekubali.