Bima ya watoto ikatwe kwenye malipo ya korosho? Tujadili

Mzazi, Newala (mwenye hoja)

Ndugu zangu wa Kusini, naomba tulizungumze hili kabla magunia hayajaanza kuingia ghalani mwezi wa kumi. Napendekeza mchango wa bima ya afya ya watoto wetu ukatwe moja kwa moja kwenye malipo ya korosho, pale pale chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), kabla fedha haijaingia akaunti ya mkulima. Najua neno makato linavyouma huku kwetu. Nisikilizeni kwanza.

Mwanangu wa pili ana miaka saba na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila usiku baada ya kula anameza kidonge kimoja cha haidroksiyurea. Ni kidonge cha ganda, hakifunguliwi, na mama yake hukidondosha kwenye kifuniko cha chupa bila kukigusa kwa vidole, kama alivyoelekezwa kliniki. Hakiponyi ugonjwa, ila kinausaidia mwili kutengeneza damu ya aina ile ya uchangani, isiyojikunja kama mundu. Tangu aanze kukitumia alimaliza mwaka mzima na zaidi bila kulazwa.

Mwaka jana kadi yake iliisha mwezi wa saba. Mwezi wa saba mkulima wa korosho ana nini? Fedha ya msimu imeshakwenda, na kidogo kilichobaki umewapa vijana wa kupulizia mikorosho dawa. Nikakopa, nikalipia katikati ya mwezi wa nane. Bima ikanijibu kwamba kadi iliyokatika inahesabiwa mpya, nisubiri siku 30. Nikawaonyesha daftari la kliniki, nikaeleza kwamba dawa hii si ya kuanza na kuacha. Kijana wa dirishani alinisikiliza vizuri tu, akasema mfumo haumruhusu. Nikanunua vidonge kumi kwa fedha taslimu, vikaisha. Siku ya tisa bila dawa mtoto aliamka usiku ameshika miguu, analia hadi sauti inakatika. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, mama yake amempakata katikati yetu. Akaongezewa damu. Daktari alisema maumivu yanaweza kumjia hata anayemeza dawa kila siku, na mimi sina elimu ya kumbishia. Ninachojua ni kwamba kadi ilianza kufanya kazi siku nne baada ya sisi kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa nini naleta hoja ya korosho? Mnakumbuka Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, iliyoanza 2016. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Sababu iliyotolewa hadharani ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanamkatia mtoto kadi akishaugua, hivyo michango haikutosha kulipia matibabu. Iliniuma, lakini hesabu yake naielewa: bima hubebwa na wazima. Sasa huku kwetu, ni wapi penye majina ya wakulima wote pamoja, wenye watoto wazima na wenye watoto wagonjwa, siku ambayo fedha ipo? Ni kwenye AMCOS tu. Tukikatwa wote, kadi zote zinaanza siku moja na hakuna ya kukatika mwezi wa saba.


Mkulima, Tandahimba

Pole sana kaka kwa mtoto, Mungu amkuze. Lakini kwa hoja yako, hapana.

Hebu tuhesabu. Kilo yangu ikipita mnadani inakatwa ushuru wa halmashauri, inakatwa ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafirishaji. Stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, tunayo tangu 2007, na kila makato yaliyoingia humo yaliingia kwa maneno mazuri. Hujasikia mojawapo limetoka.

Tena ulisahau 2018? Novemba ile Serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, na wengi wetu tukasubiri malipo miezi na miezi. Watoto walikosa sare, sembuse bima. Ukiifunga kadi ya mtoto kwenye mnada, siku mnada ukikwama watoto wote wa wilaya wanakwama siku moja. Leo umekwama wewe peke yako, na imekuuma hivi.

Serikali ikitaka kutibu watoto, itibu kwa kodi. Korosho imeshalipa kodi ya kutosha katika nchi hii.


Mama wa watatu, Masasi

Mnazungumza kama kila mtoto wa Kusini ana baba mwenye akaunti. Mikorosho niliyoachiwa na mama iko kwenye jina la mjomba wangu, ndiye mwanachama. Ikikatwa bima, ataandikisha watoto wake au wangu? Nampenda mjomba, sina ugomvi naye, lakini ana wajukuu tisa.

Na kuna jambo linaloepukwa hapa: kangomba, yaani kuwauzia walanguzi nje ya chama. Mwenye mtoto mgonjwa ndiye wa kwanza kuuza korosho ingali juu ya mti, kwa bei ya kuumiza, kwa sababu homa haisubiri mnada. Mimi nimefanya hivyo. Msimu ukifika sina gunia la kupeleka chamani. Makato yenu yatawafikia wote isipokuwa sisi, na sisi ndio wenye shida.


Mvuvi, Kilwa Masoko

Na sisi wa baharini mtatukata kwenye dagaa?


Mtoa dawa, Lindi

Niongeze la upande wa dirishani, maana niko upande huo kila siku. Kadi ikiwa hai bado haimaanishi dawa ipo. Kituo kinaagiza Bohari ya Dawa kwa kukisia mahitaji. Dawa ya malaria haina tatizo, inaagizwa kwa maelfu. Dawa ya watoto wanane wenye selimundu ni rahisi kusahaulika, au inaagizwa ya miezi mitatu akatokea mtoto wa tisa. Bohari ikikosa, kituo kinunue kwa fedha yake chenyewe, kidai bima, kisubiri kulipwa. Fomu ikikosewa tarakimu moja, dai linarudi. Kwa hiyo wapo wanaoona nafuu kumwambia mzazi "imeisha, katafute nje".

CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na walikuwepo walioshindwa hata hiyo. Lakini wapo wengine, tena wengi, waliolipa mwaka wa kwanza wakaacha. Ukiwauliza hawakwambii haikuwepo fedha. Wanakwambia walilipa wakaambiwa dawa hakuna. Kateni kwenye korosho, kateni kwenye ufuta, mtoto akifika dirishani akarudi mikono mitupu mtakuwa mmewafundisha watu kuichukia bima kwa nguvu zaidi.


Mzazi, Newala

Nimewasoma wote, na mama wa Masasi amenibadilisha. Nilikuwa nawaza wanachama, yeye ananionyesha watoto. Basi orodha isitoke kwenye daftari la chama. Itoke kijijini, kwa watoto wote, kwenye kadi zao za kliniki, na makato ya korosho yalipie orodha nzima, hata mtoto wa aliyeuzia kangomba, hata wa mvuvi. Najua mtauliza kwa nini mwenye korosho amlipie asiyenayo. Kwa sababu mimi mwenyewe, mwenye korosho, mwezi wa saba nilikuwa sina.

Kaka wa Tandahimba, 2018 sijaisahau, na hofu yako ni ya haki. Ndiyo maana sitaki tutegemee zao moja. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, nao uko stakabadhi ghalani, na unaangukia ile miezi ambayo fedha ya korosho imekauka. Nusu huku, nusu kule. Na aliyesema dawa haipo amegusa penyewe. Mkulima mmoja hawezi kuibana bima. Vyama vikilipa kwa pamoja vinaweza kuandika kwenye mkataba kwamba dawa za kudumu za watoto zisipopatikana, bima inalipia duka la dawa la nje bila mzazi kutoa shilingi, na kwamba mtoto aliye kwenye dawa hasubirishwi siku 30 hata moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023. Michango itakuja tu, tukitaka tusitake. Mimi nataka tuingie humo tukiwa na masharti yetu.


Mkulima, Tandahimba

Hilo la siku 30 nakuunga mkono, na nitalisema mkutano mkuu wa chama chetu kwa mdomo wangu. La kukata, bado sijakubali. Leta kwanza huo mkataba wenye dawa ndani yake, uje usomwe mbele ya wanachama kwa sauti, halafu tupige kura.