Zoezi la kujikaza bila kusogea: nguvu ipo au najidanganya?

Kiti Hewa:
Wakuu, salaam. Mwezi wa pili huu zoezi langu la miguu ni moja tu: naegemea ukuta kama nimekalia kiti ambacho hakipo, mapaja yamelala sawa, nabaki hapo. Siku ya kwanza sekunde 35 tu, miguu ikatetemeka kama cherehani. Juzi nimegonga dakika 2 na sekunde 10. Nikajiona mwanaume. Nikabeba chuma cha kilo 60 mabegani, nikachuchumaa, na kule chini nikakwama palepale nilipokuwa nakwama zamani!

Nilianza haya kwa sababu ya goti, lilikuwa linauma chini kidogo ya pia, kile kifupa cha mbele. Hilo limetulia, sikatai. Ila hizo dakika mbili zimekwenda wapi? Shemeji anacheka, anasema ukuta haujawahi kusogea kwa kuegemewa.

Mkanda Mgumu:
Mkuu, hazijapotea, ziko pale ulipoziweka. Nguvu ya zoezi tuli, yaani la kujikaza bila kusogea, hukaa zaidi kwenye pembe ya kiungo unayoishikilia, na kando yake kidogo, tuseme nyuzi 15 hadi 20. Wewe umekaa kwenye nyuzi 90 miezi miwili, sasa unashuka chini ya hapo na kudai malipo. Kaa chini zaidi, msuli ukiwa umevutika; faida ya huko husambaa kwenye pembe nyingi kuliko ya juu.

La pili: dakika mbili ni ustahimilivu. Ukitaka nguvu, sukuma kitu kisichosogea karibu na uwezo wako wote, sekunde 3 hadi 6, pumzika vya kutosha, rudia mara 4 au 5. Mimi nakanyaga mkanda wa kufungia mizigo, ncha zote mbili mkononi, navuta kwenda juu. Nilikuwa nakwama kunyanyua kilo 110 kutoka sakafuni, chuma kikifika chini ya goti tu kinagoma. Nikafupisha mkanda mpaka mikono ikabaki palepale chini ya goti. Wiki sita baadaye nilipandisha 120. Sitaapa kwamba ni mkanda peke yake, maana kunyanyua kwa kawaida sikuacha.

Na usidanganywe na miujiza. Mwaka 1953 Hettinger na Müller, watafiti wa Ujerumani, waliandika kwamba sekunde 6 kwa siku, kwa theluthi mbili ya nguvu zako, zinaongeza kama asilimia 5 kwa wiki. Watu wakapagawa. Miaka ya 1960 Marekani ikauziwa vyuma vya kusukuma visivyosogea, kisha ikajulikana kwamba baadhi ya wanyanyuaji waliotolewa mfano walikuwa wanameza vidonge vya kukuza misuli. Njia inafanya kazi, matangazo ndiyo yaliyovimba.

Presha Kiasi:
Naongeza moja. Usibane pumzi! Ukijikaza huku umeziba pumzi presha inaruka ghafla, na kama unayo tayari ongea na daktari kwanza. Lakini ajabu ni kwamba kwa muda mrefu zoezi hilohilo linaishusha. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliokusanya majaribio 270 uliona mazoezi tuli yanashusha presha ya mapumziko kuliko kukimbia au vyuma. Mimi nafanya dakika 2 mara 4 ukutani, siku tatu kwa wiki, pembe ya kawaida tu. Kwa hiyo dakika zako mkuu si za kutupa.

Kiti Hewa:
Nimewaelewa. Leo nimejaribu mkanda nikiwa nimechuchumaa karibu kabisa na sakafu. Sekunde 5 mara 4, sijawahi kuchoka namna hii bila kwenda popote. Swali: navuta ghafla au polepole? Goti bado naliogopa. (Shemeji nimemkalisha ukutani. Sekunde 41.)

Mkanda Mgumu:
Kwa goti lako polepole. Sekunde 2 za kupanda mpaka ukaze kweli, ndipo uanze kuhesabu hizo 5. Kuvuta ghafla subiri kwanza, goti likizoea. Likiuma hata kidogo, panda juu kidogo, utafute pembe isiyouma, uanzie hapo.