Naomba ushauri: mke wangu ametoa hela ya mkopo kama "mbegu"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nipo Moshi, mke wangu anauza ndizi soko la Mbuyuni. Mwezi uliopita alichukua mkopo wa kikoba, 600,000, tukakubaliana ni wa kuongeza mtaji. Juzi natafuta daftari la marejesho nikakuta bahasha ya kaki ndani ya Biblia yake, imeandikwa kwa mkono wake: "Gari. Nyumba. Mume apate kazi ya kudumu." Bahasha tupu. Hela yote kaipeleka kanisani anakosali siku hizi, kapanda mbegu, yaani katoa sadaka akitarajia Mungu amjibu hayo aliyoandika.

Nilipouliza alilia, akanijibu imani yangu ndogo ndiyo inayotufunga. Neno hilo limeniuma kuliko hela.

Andiko alilopewa ni 2 Wakorintho 9:6, apandaye haba atavuna haba. Nimekaa nikasoma sura ya 8 na 9 zote. Paulo alikuwa anachangisha kwa ajili ya watakatifu wahitaji wa Yerusalemu! Na mstari wa 7 unasema mtu atoe si kwa huzuni wala kwa lazima. Mimi sipingi sadaka, fungu la kumi natoa tangu ujana.

Marejesho ni kila Jumamosi, na wadhamini wake ni majirani zetu. Je, nimfuate mchungaji wake kuomba hela irudi, au nitamdhalilisha? Nianze na wazee wa ukoo? Mliopitia hili, mliongeaje na mwenzenu bila kuvunja nyumba?