Tupeane uzoefu: kana kwenye kona yenye majimaji

Mwanzilishi: Wadau, kana (ua la Canna) inapenda maji na inatambaa chini kwa chini kama tangawizi. Mwenye mbinu za kuiotesha na kuizuia isimeze bustani, aziweke hapa.

Mama Mboji: Chukua tunguu (lile shina nene la chini ya ardhi) gumu lenye macho mawili au matatu, likibonyea, tupa. Fukia sentimita 10 hivi, jicho likitazama juu, nafasi sentimita 50. Changanya samadi iliyoiva, siyo mbichi. Wengi huharibu siku ya kwanza: kwa kuwa inapenda maji, wanalifurikisha shimo. Tunguu lisilo na mizizi halinywi, linaoza, hasa kama limekatwa leo leo. Acha kidonda kikauke siku moja au mbili, panda, mwagilia mara moja, kisha udongo uwe na unyevunyevu tu. Majani mawili yakishakunjuka, mwaga utakavyo.

Jembe Butu: Na kwenye kidimbwi, mkuu?

Mama Mboji: Ikishashika, inastahimili hata maji ya sentimita 10 juu ya udongo. Isiwe kabla.

Kisu Kikali: Kuizuia: zungushia plastiki ngumu, sentimita 30 chini na 5 juu ya ardhi. Msizisahau hizo 5 za juu, maana matunguu hutambaa karibu na uso na yataruka ukingo. Shina likimaliza kuchanua, likate chini kabisa. Kila miaka 2 au 3 ng'oa shada lote ugawanye. Katikati hubaki matunguu makongwe, ndiyo maana maua huhamia pembeni.

Jembe Butu: Majani yana matundu yaliyojipanga mstari, kama yamepigwa kwa mashine.

Kisu Kikali: Huyo ni kiwavi. Anatafuna jani likiwa bado limeviringika, hivyo tundu moja linapita mikunjo yote. Likikunjuka unaona safu. Wengine hushona jani kwa nyuzi wakajificha ndani, dawa ya kupuliza haiwafikii. Fungua, minya kwa mkono. Ila michirizi ya njano inayofuata mishipa ya jani mara nyingi ni virusi, haina tiba: ng'oa na matunguu yake, safisha kisu, na tafadhali usimgawie jirani.

Bustani Ndogo: Majani tele bila maua? Kivuli, au naitrojeni imezidi. Ipe jua kwa muda wa saa 6 kwa siku.

Mama Mboji: Wa mbegu: sugua ganda kwa tupa mpaka weupe uonekane, loweka saa 24, ndipo upande. Rangi inaweza isifanane na ya mama yake.