Eti "mama, kwani unalo gari?" Yule jamaa wa viwanja leo kanivunjia heshima mbele za watu

BintiLikombe
Wakuu nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Jamaa mwenyewe mnamjua, watu wa Mtwara wote mnamjua, jina sitaji. Yule wa kofia ya pama, mwenye gari la spika linalotuamsha asubuhi "viwanja viwanja viwanja, vimepimwa, barabara zipo, lipa kidogo kidogo". Huyo huyo.

Leo nimeenda saiti njia ya Naliendele, fundi anaanza msingi, nimeagiza lori la mchanga. Lori limefika kwenye kona ya mtaa wetu likagoma kuingia. Dereva kashuka, kaangalia, kakuna kichwa, akaniambia dada hapa mimi siingii, nikiingia natoka kinyumenyume mpaka korosho za mwakani zianze kuuzwa. Mchanga wangu wote kaumwaga barabara kubwa na pesa yake kachukua kamili. Ndo nikamwona jamaa pale chini ya turubai lake na wateja wapya, nikamfuata kwa adabu kabisa, shikamoo nimempa, nikatoa mchoro nikamwambia kaka, hapa pameandikwa barabara mita 12, mbona lori halipiti? Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. Akasema "Mama, kwani unalo gari?"

Watu wakacheka. Wateja wakacheka, dalali wake kacheka, mpaka yule bodaboda aliyenileta, ambaye nilikuwa bado sijamlipa, naye anacheka.

Kwani unalo gari! Mimi sina gari ndiyo. Sasa moto ukiwaka kwangu zimamoto watakuja na baiskeli? Mama yangu akizidiwa usiku gari la wagonjwa limsubiri barabara kubwa? Boza la maji je? Nikifa mimi nibebwe mabegani kilometa nzima kisa nilikufa bila leseni?

Tumepima na fundi kwa tepu, bikoni kwa bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, hiyo mita 12 imebaki 7 na kidogo. Bikoni ya jirani wa kona tumeikuta ndani ya banda la kuku, zege lake na kile kichuma katikati, namba bado inasomeka, na kuku kaatamia ubavuni mwake. Jirani kasogeza ukuta na nikamuuliza kwa nini, akasema aliyemuuzia ndo alimwonyesha aanzie pale. Aliyemuuzia nani? Pama!

Halafu bloku lenyewe. Safu mbili za viwanja mgongo kwa mgongo, limeanzia kwenye mwembe linaishia sijui Msumbiji, katikati hakuna hata uchochoro wa mtu kupita. Jirani yangu wa nyuma tunasikiana hadi kukohoa, ila akiniomba chumvi nikazunguka bloku lote kumpelekea nitakuta mboga imeliwa na sahani zimeoshwa. Na ule uwanja wa watoto uliopakwa kijani kwenye ramani, ule aliokuwa anauonyesha kwa fimbo siku tunalipia, leo nimeukuta umekatwa vitatu na kimoja kina msingi tayari.

Hela ile ni ya korosho za marehemu baba kule Tandahimba. Mzee alikufa hajawahi kuishi kwenye nyumba yenye barabara mbele. Ndo mtu aniulize mbele za watu kwani unalo gari? KWANI UNALO GARI???

Kuchele_Daima
Pole sana dada. Mimi niko bloku la nyuma yako, na mimi nilimuuliza mfereji wa maji ya mvua uko wapi, akaniambia "maji yanajua njia". Yanajua kweli, yamepita sebuleni.

MzeeWaMikindani
Binti umeandika gazeti zima lakini swali la watu hujajibu. Unalo au huna?

BintiLikombe
Mzee wangu, nakuheshimu kwa umri, ila usinifanye nikakukosea adabu humu ndani. Sina. Kwa hiyo? Barabara inajengwa kwa mwenye gari tu? Hao waliocheka pale wote walikuja kwa bajaji ya kuchangia!

fundi_chuno
Mimi nimejenga mle, anachosema ni kweli tupu. Mtaa wa pili kutoka mwembe hautokei popote, ukifika mwisho ni ukuta wa mtu, na mwisho pale hakuna pa kugeuzia. Kuna lori la kokoto liliingia likashindwa kutoka, dereva kalala mle, asubuhi wakabomoa kipande cha ukuta ndo likageuka. Mwenye ukuta akadai alipwe, mwenye lori naye akadai alipwe, aliyechora ule mtaa yuko na spika mtaa mwingine anauza.

Dalali Mwaminifu
Watu wa Mtwara mnapenda kulalamika. Mnataka kiwanja cha bei ya bajaji halafu mnataka barabara ya uwanja wa ndege. Kila mita ya barabara ni mita ambayo haiuzwi, nani anailipia?

BintiLikombe
Nimeilipia mimi! Kwenye mchoro alioniuzia barabara ilikuwepo, bei aliyonitajia ilikuwa na hiyo barabara ndani yake. Ameniuzia barabara halafu akaichukua akamuuzia jirani yangu afugie kuku. Na wewe ninakuhisi ni yule yule dalali uliyecheka pale.

Mpima_wa_Zamani
Wakuu ngoja niweke maneno mawili, nimefanya hizi kazi miaka mingi kabla sijastaafu. Kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 huwezi kuamka tu ukachinja shamba ukauza vipande. Kwanza unatengenezwa mchoro wa mipangomiji, unapitishwa, ndipo mpima anaenda kupanda bikoni kwa kuufuata, kisha ramani ya upimaji inaidhinishwa, hati zinafuata. Mchoro ukishapitishwa, ile barabara na ule uwanja wa wazi si mali ya muuzaji tena, hana mamlaka ya kuukata vitatu. Akitaka kubadilisha anarudi kuomba kibali, hamalizi mambo na fundi wa kuchimba mashimo.

Na upana wa barabara za mtaa hauwekwi kwa ajili ya gari lako wewe mwenye nyumba. Unawekwa kwa ajili ya lori la zimamoto na gari la taka, na pembeni ibaki nafasi ya bomba la maji, nguzo za umeme, mfereji na mtu wa miguu. Vyote hivyo vinapita humo humo barabarani. Ukiibana barabara, siku nguzo zikija zinasimama katikati ya njia. Mtaa usiotokea sharti mwisho wake uwe na pa kugeuzia. Viwanja vya kona vinakatwa pembe ili dereva aone anayetokea upande wa pili na gari refu lipate kupinda, ndo maana lori la dada likagoma pale pale konani, naona pembe haikukatwa. Na bloku likiwa refu sana unalipasua kwa njia ya miguu. Haya si mapya, wanafunzi wanafundishwa mwaka wa kwanza.

Dada, nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja chako, omba kuona mchoro uliopitishwa, usitegemee ile karatasi ya muuzaji. Unaweza kukuta mchoro uliopitishwa ni mmoja na anaotembea nao ni mwingine.

Kuchele_Daima
Au hakuna uliopitishwa kabisa.

Jogoo_la_Ligula
Mpima wa zamani unaongea vizuri sana ila ni nyie nyie. Bikoni zinahama usiku kwa miguu yake? Mpima anakuja na chombo chake cha miguu mitatu, anapewa supu na chapati, jioni bikoni imesogea mita tano.

Mpima_wa_Zamani
Usinijumlishe na watu kijana. Mimi bikoni zangu zipo mpaka leo, nenda kachimbe.

Mama_wa_Mitwero
Nyie Mtwara mna afadhali ardhi yenu tambarare. Njooni Lindi muone mtu anavyopima viwanja mlimani kwa kuchora mistari iliyonyooka kutoka juu mpaka chini bila kujali mteremko. Barabara imeshuka wima, mvua ya kwanza tu imegeuka korongo. Mimi geti langu lilikuwa usawa wa barabara, sasa hivi natoka kwa ngazi. Na huyo wa kwetu naye ana pama, sijui pama wanagawiwa wapi. Tangu mradi wa gesi wa Likong'o huku kwetu Lindi uanze kutajwa kila mwenye pama anauza kiwanja "karibu na mradi", ukiuliza karibu vipi anakunyooshea kidole tu.

BintiLikombe
Pole mama yangu. Ila huyo wa kwenu alikuuliza kama unalo gari? Maana mimi ndo kinachoniuma. Barabara nitaidai, lakini lile jicho la kunitazama kandambili, lile neno mbele za watu, sijui nitalidai ofisi gani.

Mwana_wa_Kibada
Habari kutoka Dar. Sisi huku Kibada tuko kwenye ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara ziliachwa kwenye mchoro vizuri tu, shida lami inachelewa, kiangazi tunakula vumbi. Lakini hata kama ni vumbi lori linapita. Nafasi ikiachwa lami itakuja siku moja, nafasi ikiuzwa imekwenda, huwezi kubomolea watu ukuta miaka kumi baadaye bila fidia na kesi.

Jogoo_la_Ligula
Wa Dar nao, kila uzi wanaingia.

Mwana_wa_Kibada
Mimi ni mtu wa Newala bwana, niko Dar kutafuta tu.

Ticha_Rahaleo
Kwetu kulipowekwa vibao vya anwani za makazi 2022, mtaa wetu ukapewa kibao kizuri cha bluu, barabara ya nani sijui. Kibao kipo. Barabara hakuna, umefika kwenye kibao unakutana na choo cha mtu. Bajaji nikimwelekeza kwa simu anafika kwenye kibao ananipigia, "ticha nimefika, mbona naona choo?"

fundi_chuno
Hahaha ticha nakijua hicho choo. Nimekijenga mimi.

Ticha_Rahaleo
Kumbe ni wewe! Kwa hiyo ulikuwa unaona kabisa kwamba unajenga barabarani?

fundi_chuno
Mimi fundi, naonyeshwa kamba najenga. Muulize mwenye kamba.

MzeeWaMikindani
Tuliokuwepo zamani tunajua. Shangani pale mitaa mipana, imenyooka, miti imepandwa pembeni. Waingereza waliupanga mji huu kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza 1947, wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilikufa, reli iking'olewa mimi mdogo, lakini barabara zipo mpaka kesho. Mradi ulikufa mitaa ikabaki. Hawa wa sasa mradi uko hai na mtaa hakuna.

Dalali Mwaminifu
Mzee barabara za Shangani ni pana kwa sababu watu walikuwa wachache. Leo ukiacha mapana yale watu wataenda kuishi baharini?

MzeeWaMikindani
Hujajibiwa kwa kuwa unajulikana.

Mama_wa_Mitwero
Mitaa mipana ya Shangani ndo mnayojivunia, wakati Lindi ilikuwa mji Mtwara bado pori.

Jogoo_la_Ligula
Haya imeanza. Mama, Lindi mna nini zaidi ya mlima na nyumba za zamani?

Mama_wa_Mitwero
Tuna bahari nzuri kuwashinda, tuna pweza, na tuna adabu.

Kuchele_Daima
Pweza wa Lindi wadogo jamani, tuseme ukweli. Nendeni Msimbati.

BintiLikombe
Wakuu mnaniacha. Nilikuwa nauliza, kuna mwingine aliyenunua mle tuungane twende ofisi ya ardhi kwa pamoja? Mtu mmoja mmoja ataendelea kutuuliza magari.

Kuchele_Daima
Nipo dada, njoo pm. Tukutane Jumatatu.

Ticha_Rahaleo
Kuhusu Shangani, barabara pana sawa, lakini wenyewe wameziachia mbuzi. Juzi nimepita na baiskeli, mbuzi wamelala katikati ya lami, ukipiga kengele wanakuangalia tu.

Jogoo_la_Ligula
Mbuzi ndo tatizo la mji huu kwa sasa, hayo ya bikoni baadaye. Mwezi uliopita wameingia kwangu wamemaliza mchicha wote, mwenyewe nikimtafuta anasema sio wake, nikimshika mbuzi nimpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyewe anatokea haraka.

fundi_chuno
Kwetu wanakula mpaka mifuko ya saruji. Sio saruji, mifuko.

Mwana_wa_Kibada
Mnawafungia hamuwafungii? Huku ukiachia mbuzi wanapigwa faini.

Jogoo_la_Ligula
Wa Dar rudi zako Dar.

Shabani_wa_Magomeni
Samahani wakuu kuingilia, kwa kuwa mmetaja mbuzi, nimepotelewa na beberu mweusi, ana doa jeupe paji la uso na kamba ya bluu shingoni. Aliyemwona maeneo ya Magomeni au Chikongola anijulishe.

Ticha_Rahaleo
Kamba ya katani au ya nailoni? Nimemwona mmoja jana jioni soko la Chuno anakula maboksi.